Njoo Uone Kabla Sijafukia

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anatengeneza vinyunyizio vya bustani, vile vidude vinavyochomoza kwenye nyasi na kurusha maji huku na huku. Mtaa mzima unamwita Manyunyu. Hata mimi namwandika hivyo kwenye simu yangu, na nimekaa naye kwenye duka lake miaka mingi, nikiuza viungio vya mabomba na kupokea simu za watu wenye hasira. Watu hukasirika sana nyasi zao zikikauka. Wengine nawasikia wakilia.

Ana kanuni moja ambayo imetufukuzia wateja na kutuletea wengine: hafukii shimo mpaka mwenye nyumba aje aone. Mafundi wengine wakishaunganisha bomba, udongo juu, kiganja mbele, kwaheri. Yeye hapana. Anafungua maji, anasimama kando ya shimo lake na tope mpaka magotini, na kuita, "Njoo uone kabla sijafukia." Mwenye nyumba yuko kwenye simu? Atasubiri. Yuko bafuni? Atasubiri. Kuna mama mmoja hakimu alitoka na taulo kichwani na ndara za chumbani, akaambiwa achuchumae aangalie kiungio vizuri, si kwa juujuu. Akachuchumaa. "Haya, nimeona," akasema. "Sasa unaniruhusu niende nikahukumu watu?" Manyunyu akamwambia sasa anaweza kwenda.

Nilipomuuliza kwa nini anawasumbua watu, alinijibu huku akifuta spana yake kwenye suruali. "Cha chini ya ardhi hakina shahidi, shemeji. Mimi nataka shahidi." Basi nikaacha kuuliza, nikawa nawaambia wateja mapema kwamba wakimwita Manyunyu wasivae viatu vizuri.

Ubishi wake hauishii hapo. Akiona maji yanatiririka barabarani anagonga geti la mtu asiyemjua, anaingia, anafunga koki na kutoka bila kuomba chochote. Ameshaumwa na mbwa kwa ajili hiyo. Na ukitaka kucheka, njoo uone uwanja wa nyumba yake mwenyewe: vumbi tupu, na mwanzi mmoja unaoishi kwa huruma ya maji ya vyombo. Dada yangu ameomba kinyunyizio kimoja tu tangu aolewe. Anaambiwa kesho.

Kila mwaka mvua zikianza, nyasi hazimhitaji mtu. Hapo Manyunyu anafunga karakana, anapakia mfuko wake wa turubai, na kuondoka na kikundi cha mafundi wanaojitolea: waashi, mafundi umeme, mafundi bomba. Wanavuka mpaka na kusafiri tena mbali, mpaka kwenye zahanati moja ambayo ina wodi na jiko, lakini wagonjwa wake wengi hawana ndugu wa kuwaletea chakula. Kikundi kinaongozwa na bwana mmoja mwenye duka la saruji na sauti kubwa, tunamwita Mwenyekiti. Dada yangu alikuwa akisema mume wake ana wake wawili, yeye na zahanati, na kwamba yule wa pili ndiye anayepewa mapya.

Safari ya mwisho alikwenda kuwawekea vinyunyizio kwenye bustani ya mboga za wagonjwa. Aliporudi aliisimulia mpaka ningeweza kuichora. Kuna tangi la maji chini, pembeni ya jiko. Pampu inavuta maji humo na kuyasukuma kwenye mabomba ya jikoni na wodini, na bomba jingine linachepuka kwenda bustanini. Pale linapochepuka kuna pipa juu ya kichanja, limejaa samadi iliyokorogwa kwenye maji, ili mboga zinapomwagiliwa zipate na chakula. Mboga, alisema, zitakuwa za kuimbwa. Sikujua wakati ule kwamba simulizi ile nzima ilikuwa na kitu alichokikwepa.

Nilikijua siku nesi mkuu wa zahanati alipopiga simu. Ilikuwa asubuhi, Manyunyu anasugua vichwa vya vinyunyizio kwenye beseni kwa mswaki wa zamani. Mikono ilikuwa imelowa, nikamwekea simu kwenye spika. Nesi alianza kwa bashasha. Mchicha umefika kiunoni, wagonjwa wanakula mpaka wanaomba nyongeza, na Manyunyu wetu hajambo? Kisha akasema kuna kajambo kadogo.

"Maji ya bombani siku hizi yananuka samadi. Umeme ukikatika ndiyo yanazidi. Au ni mimi na pua yangu?"

Mswaki ulisimama. Nilimtazama shemeji, uso ulikuwa umempauka.

"Yananuka samadi kabisa?" akauliza.

"Samadi kabisa, kaka."

Aliudondosha mswaki kwenye beseni, akaisogelea simu. "Fungeni koki ya bustani, ile nyekundu. Msiifungue mpaka niseme."

"Kwani kuna nini?"

"Huenda ni majani yameozea kwenye bomba. Nitaliangalia."

"Mungu akubariki. Tungefanya nini bila wewe?"

Simu ikakatika. Mimi sina adabu ya kuzungukazunguka, nikamuuliza waziwazi, "Shemeji, wale watu wanakunywa mavi ya ng'ombe?" Aliutazama mfuko wa turubai uliokuwa pembeni mwa karakana, haujafunguliwa tangu arudi. Akaendelea kusugua vichwa ambavyo vilikuwa vimeshatakata. Kila alipotaka kupita kwenda kwenye meza ya kazi aliuzunguka mfuko ule kwa mbali, na mchana wote sikumwona akiugusa. Tulipokaribia kufunga duka akapiga moyo konde, akapiga magoti, akatoa kila kitu: misumeno, spana, mabaki ya mabomba. Chini kabisa kulikuwa na valvu ndogo ya shaba, bado iko kwenye plastiki yake.

Nauza valvu hizo, hivyo najua kazi yake. Inaruhusu maji kwenda na kuyakataza kurudi. Ilitakiwa ikae kati ya tangi na pipa la samadi. Bila hiyo, umeme ukikatika na pampu ikisimama, maji ya kwenye pipa juu kule yanashuka, yanarudi kwenye bomba, yanaingia kwenye tangi ambamo watu wanachota maji ya kunywa.

Aliketi sakafuni, akanieleza. Siku ya mwisho mtaro ulikuwa wazi na valvu iko kwenye mfuko wake wa turubai tayari kufungwa, Mwenyekiti akaja kumvuta mkono: wageni wamefika, wakubwa wa eneo lile, twende kwenye hotuba. Wakamkalisha mbele, wakampachika ua kwenye mfuko wa shati. Huku nyuma wenzake wakataka uwanja upendeze kabla wageni hawajaletwa kutembezwa, wakaunganisha bomba moja kwa moja na kufukia. Aliporudi, ardhi ilikuwa sawa, maji yanaruka juu ya mboga, na watu wote wanapiga makofi. Akawauliza wenzake kama pale penye pipa wameunganisha. Wakamwambia wameunganisha kila kitu.

"Ungechimba," nikamwambia.

"Nilikuwa napigiwa makofi, shemeji. Niliona aibu kuchimba mbele za watu."

Huyo ndiye mtu aliyemchuchumaza hakimu. Niliona hasira, nikaona na huruma, na hasira ndiyo iliyotangulia.

Nilidhani atampigia nesi palepale. Akampigia Mwenyekiti kwanza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwenyekiti alikuja karakana mwenyewe, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe ndiye roho ya kikundi hiki. Koki si imefungwa? Basi hatari imekwisha. Msimu ujao tutakwenda, utaichomeka valvu yako taratibu, nani atajua? Ukisema leo utawatia watu hofu bure, na hakuna zahanati itakayotufungulia mlango tena, si hiyo wala nyingine. Unataka kuua kazi ya miaka yote kwa kipande cha shaba?

Dada yangu naye alikuwa na yake. "Ile ni nchi ya watu, baba watoto. Ukisema umewanywesha uchafu watakufunga. Mimi nitakufuata wapi?" Alilia, na Manyunyu hajui kubishana na machozi ya dada yangu. Akakubali shingo upande.

Mimi nilikuwa na swali moja tu. "Na yale maji yaliyokwisha kuingia kwenye tangi?"

"Watakuwa wameshayatumia," Manyunyu akasema, na papo hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Alishika simu, akampigia nesi huku sote tunamwangalia. Akauliza harufu inaendeleaje. Nesi akafurahi kuulizwa: imepungua sana, ushauri wako umetusaidia, endelea na moyo huohuo. Manyunyu akamshukuru. Akamuaga.

Baada ya hapo akawa si mtu. Chakula anakigeuzageuza. Akiingia dukani anasahau alichofuata. Nilimtania kama kawaida yetu, nikamwambia mwaka huu mvua imejinyeshea yenyewe, haikumngoja Manyunyu, lakini utani uliniishia mdomoni. Halafu siku moja mwalimu mmoja mstaafu, mteja wetu mlalamishi kuliko wote, akamrudisha dukani kwenye gari lake. Yule mwalimu anatembea na mkongojo, na siku zote hulalamika kutolewa nje akaangalie mashimo. Siku hiyo Manyunyu alikuwa na kazi kwake, naye mwalimu alikuwa amekaa barazani akisubiri kuitwa ili apate cha kulalamikia. Hakuitwa. Akatoka mwenyewe, akamkuta fundi ameketi kwenye chungu ya udongo na shimo liko wazi.

"Nikamwambia, leo huniiti nione?" mwalimu alinisimulia pembeni, kwa sauti ya chini. "Akaniambia, mimi nani wa kukuita, mwalimu. Sasa, huyo anaumwa nini?"

Simu ya pili kutoka zahanati ilikuja hapo mwalimu hajaondoka. Nesi hakuwa na bashasha. Alikuwa anapiga kutuomba tuwakumbuke tu kwenye maombi. Wagonjwa wanaoharisha wameongezeka wodini, na wafanyakazi pia. Mtoto wa mama mpishi ndiye aliyezidiwa, msichana mdogo, yule aliyekuwa akimfuata Manyunyu bustanini na kumbebea spana. Amewekewa dripu, na mshipa unapatikana kwa tabu.

"Msinywe maji hayo," Manyunyu akasema. Alisema kwa nguvu mpaka mwalimu akageuka. "Mwageni tangi lote, mlisugue, chemsheni kila tone. Nesi, unanisikia? Si majani. Ni bomba langu. Samadi inaingia kwenye tangi kupitia bomba langu."

Nesi hakusema Mungu akubariki. Alikata simu, nadhani alikimbia.

Manyunyu akamwambia dada yangu kwamba anakwenda, afungwe asifungwe. Mwenyekiti alipiga simu akiwa moto, akaambiwa apige baadaye. Dada yangu alipaki nguo, kisha akanivuta jikoni. "Nenda naye," akaniambia. "Namjua mume wangu. Huyu akiachwa peke yake atakwenda kuyanywa yale maji." Basi nikafunga duka, nikaenda.

Mpakani ofisa alizitazama pasi zetu, akaona mihuri ya miaka ya nyuma ya Manyunyu. "Ah, mzee wa kujitolea! Safari hii mnajenga nini?" Shemeji akamjibu kwamba safari hii hajitolei. Ofisa akasubiri aendelee, alipoona haendelei akagonga muhuri.

Zahanati ilikuwa kama nilivyosimuliwa, jengo refu lililopakwa chokaa, na bustani nyuma yake. Asichonisimulia mtu ni zile ndoo zilizopangwa kwenye ukumbi na harufu ya dawa ya kusafishia, na masufuria makubwa yanayotokota nje bila chakula ndani yake. Nesi mkuu alitukaribisha. Mkono hakutoa. Manyunyu alimuuliza hali ya mtoto, akaambiwa yuko hai. Hakuomba kumwona. Aliomba jembe.

Alichimba peke yake, kwa jembe lao na sepetu aliyokuja nayo. Watu wawili walijitokeza kumsaidia, akawakatalia kwa heshima. Pembeni mboga zilikuwa zimestawi, nene, za kijani kibichi, na ziliniudhi kuzitazama. Alifika kwenye bomba pale chini ya pipa: limenyooka moja kwa moja, halina kitu. Akalikata, akafunga valvu, akakaza. Kisha akatia wino wa bluu kwenye pipa, akawasha pampu, akaizima, akatuambia tukaangalie tangini. Maji yalikuwa meupe. Akarudia tena na tena mpaka nesi akamwambia inatosha.

Ndipo akasimama kando ya mtaro. "Njooni muone kabla sijafukia," akaita.

Walikuja manesi, wafagiaji, wagonjwa wanaoweza kutembea. Wa mwisho alikuwa mama mpishi, aliyetoka wodini kwa mwanawe na aproni bado kiunoni. Mwanamke wa makamo, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Huyo ndiye aliyekuwa akimwekea Manyunyu sahani kubwa kila safari na kumwambia kwao hawamlishi.

Manyunyu aliwaonyesha. Hapa bomba linatoka tangini, hapa pipa, hapa valvu. "Valvu hii nilikuja nayo mara ya kwanza," akasema. "Nikarudi nayo kwenye mfuko. Wenzangu walifukia, lakini kuangalia ilikuwa kazi yangu. Sikuangalia, kwa sababu mlikuwa mnanipigia makofi na mimi nilifurahi."

Watu wakaguna. Mzee mmoja mgonjwa akasema ni bahati mbaya, kazi za mikono zina mambo. Wengine wakaanza kuitikia, na nikahisi mambo yanaanza kulainika. Mama mpishi hakuitikia.

"Ulijua lini?" akauliza.

Nilikuwepo dukani, kwa hiyo nilijua kwamba alikuwa na majibu zaidi ya moja. Angeweza kusema nilipofungua mfuko. Angeweza kusema niliposikia mtoto anaumwa, na nani angempinga? Niliomba kwa moyo wangu wote adanganye. Sisemi hivyo kwa kujivuna. Nilimwonea huruma yeye, nikamwonea huruma na dada yangu.

"Siku nesi aliponipigia kuhusu harufu," Manyunyu akasema. "Kabla hajamaliza kusema, nilikuwa nimeshajua."

Mama mpishi alizihesabu siku kurudi nyuma kichwani mwake. Nesi mkuu alikuwa ameinamisha uso.

"Siku hiyo mwanangu alikuwa mzima," akasema. "Alikuwa anaruka kamba hapa. Alianza kuumwa baada yake." Hakupaza sauti. "Alipoanza kuharisha niliambiwa nimpe maji mengi. Nikampa. Alikuwa anakikataa kikombe, ananiambia mama, yananuka kidogo. Nikamshika pua, nikamnywesha. Kwa mkono wangu huu."

Hakuna aliyesema bahati mbaya tena. Manyunyu alisimama na sepetu yake, machozi yanamtoka na hayafuti. Mwisho akamuuliza yule mama, kwa adabu, kama anavyowauliza wenye nyumba wote, "Nifukie?"

Mama mpishi aliutazama mtaro.

"Sijamaliza kuona," akasema, na akarudi wodini.

Nesi mkuu alisema tuondoke tu, watafukia wenyewe. Manyunyu akakataa. Aliweka ubao wa kuvukia, akazungushia kamba ili mtu asitumbukie, akasafisha kingo za mtaro kwa sepetu mpaka zikawa zimenyooka. Jembe akalirudisha alikolitoa.

Kikundi kimevunjika. Mwenyekiti alisema mbele za watu kwamba Manyunyu ndiye aliyekivunja, na Manyunyu hakubisha. Hapa mtaani anaendelea na kazi, anachimba, anaunganisha, anaita watu waje waone, na mwalimu mstaafu siku hizi hutoka kabla hajaitwa, haleti malalamiko. Uwanja wa dada yangu una kinyunyizio sasa. Alikiweka bila kuombwa, na dada hajakitania hata mara moja. Mfuko wa turubai uko mlangoni, umefungwa, sepetu juu yake.

Nesi mkuu hupiga simu mara mojamoja, nami namwekea kwenye spika. Mtoto alitoka wodini, miguu haina nguvu. Kisha akaanza kutembea. Juzi tumeambiwa anacheza na wenzake kuuruka mtaro, na nesi amechoka kumfukuza. Manyunyu aliposikia alifunika uso kwa mikono iliyolowa. Halafu akauliza kile anachouliza kila mara.

"Na mama yake? Amesema nifukie?"

"Kila asubuhi akienda jikoni anasimama pale kidogo," nesi akasema. "Anaangalia, anaendelea na safari yake. Bado, kaka. Bado hajasema."